Dramu za marehemu baba: jinsi ya kujua bei yake halali kabla hujaziuza

Usizioshe. Hilo ndilo neno langu la kwanza kwa kila anayenipigia simu kuniambia amekuta dramu za marehemu baba yake ghalani na tayari wapo watu wanazitaka. Vumbi la miaka 40 halipunguzi hata shilingi. Kinachopunguza ni msasa, rangi ya kupuliza na Brasso. Mnunuzi wa vyombo vya zamani analipia kile ambacho hakijaguswa tangu kitoke kiwandani, na mkono ukishapita hakuna fundi anayeweza kukirudisha.

Nina karakana ndogo Kinondoni. Nakaza ngozi, nanyoosha ringi (duara la chuma linaloibana ngozi), natengeneza pedali za makanisa na za bendi za hotelini. Kazi ninayoipenda kuliko zote ni hii ya kutathmini seti kuukuu, kwa sababu nimeona familia zikiuza kwa bei ya kutupa chombo ambacho ng'ambo watu wanakitafuta kwa udi na uvumba. Nataka mtu yeyote mwenye tochi, sumaku na tepu ya kupimia aweze kuifanya mwenyewe, awe Korogwe au Kigoma, kabla dalali hajafika na laki mbili mkononi.

Tandika shuka sakafuni, zipange zote, piga picha kila upande, kisha tazama beji, kile kibati chenye jina la kampuni. Nyingi zinazoletwa kwangu ni Premier za Kiingereza, jambo lisilonishangaza kwa nchi iliyotawaliwa na Waingereza. Kampuni hiyo ilianzishwa London mwaka 1922, na kiwanda chake kilipopigwa mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili kikahamia Leicester. Kromu yao ni ya kusifika: nimeona lagi za Premier (vile vishikizo vya ubavuni vinavyopokea skrubu za kukazia ngozi) zilizokaa Tanga karibu na bahari zikang'aa baada ya kufutwa kwa kitambaa kikavu tu. Ukiona beji ya Olympic, hiyo pia ni kazi ya Premier, ila ni daraja la chini kwa wanafunzi na wenye mfuko mdogo, na bei yake inafuata daraja hilo.

Ludwig ya Chicago huja moja moja, na hiyo inahitaji macho zaidi. Beji ya miaka ya 1960 ni pana juu na nyembamba chini. Namba za mfululizo zilianza kupigwa kwenye beji mwishoni mwa mwaka 1963, hivyo isiyo na namba yaelekea ni ya kabla ya hapo. Karibu na mwaka 1970 ikaja beji ya rangi ya bluu na kijani cha zeituni. Lakini usiape kwa namba peke yake, maana beji hazikubandikwa kwa mpangilio wa namba. Chungulia ndani ya mzinga, yaani lile pipa la dramu lenyewe, kwa tochi utafute muhuri wa tarehe wa wino. Ukiupata, una ushahidi mzuri kuliko beji. Rangi ya ndani nayo inasema: ile ya kijivu yenye madoadoa ni ya miaka ya 1960, na karibu na mwaka 1968 wakaanza kuacha mbao ionekane. Mzinga mmoja ukiwa na madoadoa na mwingine mbao tupu, huenda seti imeunganishwa kutoka mbili. Haikatai kupigwa, lakini bei yake ni nyingine.

Gretsch yenye beji ya duara ni ya kabla ya mwanzo wa miaka ya 1970. Ukiipata, nipigie simu kabla hujafanya chochote. Sonor ya Ujerumani ni nzito, imara na ina wapenzi wake. Za Kijapani za miaka ya 1960 ziliuzwa kwa majina mengi, kila muagizaji akiweka lake, na mizinga yake ni ya mbao laini nyekundu. Hizo bei yake ni ya mpigaji, si ya mkusanyaji. Star, iliyogeuka kuwa Tama mwaka 1974, ni ukoo bora zaidi kati ya hizo.

Sasa matundu. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Kila tundu kwenye mzinga liwe na sababu: lagi, beji, mguu, kishikio cha tomu (dramu ndogo za juu). Tundu lisilo na kazi maana yake mtu alitoboa ili afunge kishikio cha kisasa, na mnunuzi wa nje atalihesabu hilo kwanza. Kwa makadirio yangu, seti iliyotobolewa au iliyovuliwa plastiki yake ya asili, ile ya rangi inayofunika mzinga kwa nje, na kuvishwa nyingine inapoteza kati ya theluthi na nusu ya bei. Ili kujua kama plastiki ni ya asili, fungua lagi moja na uangalie chini yake. Kama rangi iliyofichwa pale ni ileile ila imeiva zaidi, una bahati: hiyo ni rangi ya kwanza iliyokwepa jua. Bluu ya kumetameta ikiwa imegeuka kijani, au nyeupe ya lulu ikiwa kama maziwa ya mgando, usishtuke. Ni tabaka la juu lililogeuka manjano kwa umri, na wapo wanaoipenda hivyohivyo.

Pitisha kidole kwenye ukingo wa mzinga, pale ngozi inapokaa. Uwe laini, mzima, usiokwanguliwa kwa kisu. Weka mzinga juu ya kioo au meza tambarare: ukiyumba, umepinda. Gonga kwa kifundo cha kidole ukizunguka. Mlio ukibadilika ghafla na kuwa wa kufa, tabaka za mbao zimeachana au wadudu wameshaibungua kwa ndani.

Pima kipenyo kwa inchi, bila ringi. Seti ya besi (dramu kubwa inayopigwa kwa mguu) ya 22, tomu ya 13 na ya sakafuni ya 16 ndiyo ya kawaida. Besi ya 20 yenye 12 na 14 hutafutwa zaidi, na besi ya 18 zaidi ya hiyo, kwa sababu wapiga jazi wanazitaka na hazikutengenezwa nyingi. Kwa Premier kuna jambo linalowasumbua vijana wengi: baadhi ya tomu za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 ni kubwa kidogo kuliko kipimo cha leo, na ngozi ya dukani ya inchi 14 haiingii. Usikate mzinga! Nimeona uliochongwa ili ngozi iingie, na huo haukuwa tena na thamani yoyote kwa mkusanyaji. Ngozi za kipimo hicho bado zinaagizwa, na ile kuukuu iliyopo juu yake iache mahali pake.

Snea, dramu fupi yenye nyuzi za chuma chini yake, iweke kando uipime peke yake, kwa sababu mara nyingi inauzwa ghali kuliko tomu zote mbili. Mzinga wake ukiwa wa metali, gusisha sumaku. Ikinata, ni chuma cha kawaida, na bei ni ndogo. Isiponata, ni aluminiamu au shaba. Snea ya Ludwig inayoitwa Supraphonic ni kromu juu ya aluminiamu, na huwa inatoa vidonda vidogo kama tetekuwanga, hasa kwetu pwani. Vidonda vinapunguza bei lakini haviharibu sauti, usivikwangue.

Matoazi nayo yasiuzwe kwa pamoja na seti kabla hujayasoma. Geuza kila moja kwenye mwanga utafute mhuri. K Zildjian zenye neno Istanbul, zilizofuliwa kwa mkono Uturuki, zinaweza kuzidi bei ya seti nzima iliyokuwa chini yake. Kagua ukingo kama una ufa, na tundu la katikati kama limelika likawa yai. Pima uzito kwa gramu, maana wanunuzi watauliza. Ile kutu ya kahawia iliyotulia juu yake ndiyo inayotafutwa.

Kuna kitu kimoja ambacho watu wetu wanakitupa, nacho kinaniuma kuliko vyote: ngozi ya mbele ya besi iliyoandikwa jina la bendi kwa mkono. Mwaka 2015 ngozi ya mbele ya besi ambayo Ringo Starr wa Beatles aliitumia katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan Februari 1964 iliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola milioni 2. Ngozi peke yake, bila mzinga. Sisemi ya bendi ya Morogoro itafika huko. Nasema ngozi yenye jina, pamoja na picha ya zamani inayoonyesha seti hiyohiyo jukwaani, ndiyo inayogeuza dramu kuwa kumbukumbu. Bila picha, hadithi kwamba mzee alizipigia bendi fulani haiongezi senti kwa mnunuzi asiyemjua mzee.

Hapohapo angalia maandishi ya rangi ndani ya mzinga. Bendi zetu nyingi za zamani hazikuwa mali ya wanamuziki. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Nyingine zilikuwa za jeshi, polisi na mashirika ya umma, na vyombo vilikuwa vya mwajiri. Ukikuta namba ya hesabu ya mali, tafuta kwanza karatasi au mtu anayejua vilitokaje huko. Mnunuzi makini atauliza, nawe uwe na jibu.

Ndipo uende kwenye bei. Usitazame bei wanazoomba watu mtandaoni, maana mtu anaweza kuomba chochote. Kwenye eBay kuna kichujio cha vilivyouzwa, na Reverb, soko la mtandaoni la vyombo vya muziki, inaonyesha bei za mauzo yaliyopita. Tafuta kampuni ileile, vipimo vilevile, rangi ileile. Tuseme umepata tatu zilizouzwa kwa dola 900, 1,100 na 1,600. Soma maelezo ya hiyo ya 1,600: huenda ina makasha yake na haina tundu la ziada. Anza na ya katikati, kisha kata kwa kila kasoro uliyoiandika.

Halafu kata usafiri, na hapa ndoto nyingi hupungua. Kampuni nyingi za kusafirisha vifurushi kwa ndege hutoza kwa ukubwa wa boksi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Besi ya inchi 22 kwenye boksi la 65 kwa 65 kwa 45 inahesabiwa kilo 38, ingawa yenyewe haifiki hata 10. Vua ngozi uingize mizinga midogo ndani ya mikubwa, kwa kitambaa katikati. Kama baada ya kukata yote kinachobaki kinakaribiana na anachotoa mpigaji wa hapa Dar, mimi ningempa mpigaji wa hapa, na ningefurahi kuzisikia zikilia.

Siku ya kukabidhi, mpe mnunuzi kila skrubu kwenye mfuko, hata zilizopinda. Uzi wa skrubu za Premier za wakati ule haulingani na wa Marekani, na mfuko huo pekee utamwokoa kuagiza Uingereza skrubu mojamoja.