Somo: Kuchora Mipaka ya Taasisi za Mipango ya Usafiri, kwa Mfano wa Sacramento na Ziwa Tahoe

Katika jimbo la California nchini Marekani, sehemu moja yaweza kuwa chini ya taasisi mbili za mipango ya usafiri kwa wakati mmoja, kila moja kwa sheria yake. Ya kwanza, iitwayo MPO, hutokana na sheria ya serikali kuu inayotaka kila eneo la mjini lenye watu zaidi ya 50,000 liwe na chombo cha kupanga usafiri wake. Ya pili, RTPA, ni ya sheria za jimbo, na ndiyo inayosimamia mgawo wa fedha zilizowekwa na sheria ya mwaka 1971, zikiwemo zitokanazo na kodi ya mauzo ya robo ya asilimia. Kwa hiyo, kabla hujafungua QGIS, programu ya kuchora ramani, amua unachora mamlaka ipi, kwani ramani nyingi nilizozipitia zimeharibikia hapa wala si kwenye programu.

Hatua ya 1. Pakua mipaka ya kaunti kutoka Idara ya Sensa ya Marekani. Chagua toleo lililokatwa ufukweni, kwa sababu lile kamili huupeleka mpaka hadi baharini, na kaunti ya San Francisco huonekana kuwa maji zaidi kuliko nchi kavu.

Hatua ya 2. Badilisha tabaka la kaunti liwe katika mfumo wa kuchorea ramani uitwao EPSG:3310, ambao unafaa kupimia ukubwa wa maeneo ya California.

Hatua ya 3. Chukua kaunti sita za Baraza la Serikali za Eneo la Sacramento (SACOG), yaani Sacramento, Yolo, Sutter, Yuba, Placer na El Dorado. Usiziunganishe bado. Upande wa mashariki, Placer na El Dorado zinaingia katika bonde la Ziwa Tahoe, ambalo lina taasisi yake, TRPA. Tafuta mpaka wa TRPA, kisha ukate kila moja ya kaunti hizo mbili vipande viwili. Sasa una vipande vinane, na namba ya kaunti haitoshi tena kuvitambulisha. Ongeza safu ya kitambulisho chako mwenyewe, kwa mfano 06061-A kwa Placer ya magharibi na 06061-B kwa Placer ya Tahoe.

Hatua ya 4. Tengeneza jedwali lenye kitambulisho hicho, safu ya MPO na safu ya RTPA, kisha liunge na tabaka lako kwa kutumia kitambulisho hicho. Tahadhari na sifuri ya mwanzo: ukiandika 06067 katika jedwali la kawaida itageuka 6067, na Sacramento itabaki tupu bila programu kukuonya. Ifanye safu iwe ya maandishi kabla ya kuingiza chochote.

Hatua ya 5. Tumia zana ya Dissolve, inayounganisha vipande vyenye jina moja katika safu, mara mbili, kwanza kwa safu ya MPO, halafu kwa safu ya RTPA, na uhifadhi matabaka mawili mbalimbali. Katika la kwanza utaona SACOG na Tahoe tu. Katika la pili, Placer ya magharibi na El Dorado ya magharibi zinasimama kila moja na taasisi yake, SACOG inabaki na kaunti nne, na TRPA inashika Tahoe. Jumla ya eneo katika matabaka yote mawili lazima ilingane. Isipolingana, kuna kosa katika vipande vyako.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwa nini nisichukue faili la MPO za nchi nzima lililokwisha kuchorwa na Wizara ya Usafiri ya Marekani?

Jibu: Marahaba. Kwa ramani ya nchi nzima lichukue, lakini halitakupa RTPA, na mistari yake haitalala sawasawa juu ya kaunti zako. Angalia pia tarehe yake, maana orodha mpya ya maeneo ya mjini ilitolewa Desemba 2022, baada ya sensa ya 2020.

Swali: Ziwa Tahoe limeingia Nevada. Je, niishie kwenye mpaka wa jimbo?

Jibu: Kwa RTPA, ndiyo, kwa kuwa hiyo ni sheria ya California. Kwa MPO, hapana. TRPA ilizaliwa kwa mkataba wa majimbo mawili ulioidhinishwa na Bunge la Marekani mwaka 1969, nayo mipango yake huvuka mpaka. Ongeza upande wa Nevada baada ya kulinganisha jumla ya hatua ya 5.

Swali: Nataka kuchora NaMATA, mamlaka ya usafiri ya eneo la Nairobi, kwa njia hii. Inawezekana?

Jibu: Inawezekana, tena kwa wepesi zaidi, kwa sababu inaundwa na kaunti tano nzima: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Huhitaji kukata chochote. Hifadhi tu nakala ya tabaka la kaunti kabla ya kuunganisha, kwani Dissolve hubakiza taarifa za kipande cha kwanza pekee, na majina ya kaunti nyingine nne yatapotea.