Somo: Namna ya Kutembea Msitu wa Karura na Kuuona

Watu wengi huingia Msitu wa Karura jijini Nairobi, wakatembea saa mbili nzima, kisha wakatoka wakilalamika kwamba hawakuona mnyama hata mmoja. Wanyama wamo. Msitu una hekta zipatazo 1,000 na vijia vya zaidi ya kilomita 50, lakini humfunulia mambo yake mtu anayejua kusimama, na hilo ndilo ninalotaka kulifundisha hapa.

Hatua ya 1: Fika mapema. Ukiweza, nenda siku ya kazi, uwe langoni kunapokucha, kwa sababu Jumamosi na Jumapili wakimbiaji na waendesha baiskeli hujaa mapema na wanyama hujitenga na njia kuu. Beba maji katika chupa ya chuma, kwa kuwa tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi nchini Kenya.

Hatua ya 2: Soma nambari za njia panda. Njia panda zimewekewa vibao vyenye nambari. Piga picha ramani iliyo langoni, na kila unapopita kibao, itie nambari yake kichwani. Mwenzako akiteguka mguu, nambari hiyo ndiyo utakayowatajia walinzi, kwani "tuko karibu na mti mkubwa" haiwasaidii kitu.

Hatua ya 3: Simama. Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka. Ukishaiacha njia pana na kuingia kijia chembamba, tembea hatua hamsini hivi, kisha simama kimya dakika tano kamili, simu ikiwa mfukoni. Dakika ya kwanza utasikia pumzi yako tu. Baadaye utasikia majani makavu yakichakarishwa chini ya kichaka, na ukielekeza macho chini kuliko ulivyodhani, huenda ukamwona paa, mnyama mdogo mwenye kimo cha sentimita 35 hivi begani, amesimama huku pua ikimchezacheza. Usipomwona mwenyewe, tafuta alama zake: paa ana desturi ya kurudi kunya mahali palepale, kwa hiyo utakuta vipunje vyeusi vimerundikana kando ya kijia. Kisha tazama juu. Mbega, wale weusi wenye manyoya marefu meupe mgongoni, walihamishiwa Karura kutoka upande wa Kipipiri, kaunti ya Nyandarua, na mara nyingi huketi kimya kabisa, hata mtu akapita chini yao bila kujua; kinachowafichua ni mkia mweupe unaoning'inia kati ya majani.

Hatua ya 4: Fuata mto. Vibao vitakuongoza hadi kwenye maporomoko ya maji na mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau waliyatumia kama maficho katika miaka ya 1950. Mteremko huteleza, basi vaa viatu vyenye soli ya meno.

Ukiwa huko, kumbuka pia kwamba msitu huu ulinusurika kwa jasho na damu. Januari 8, 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa walipokwenda kupanda miti kupinga unyakuzi wa ardhi ya Karura, naye akajeruhiwa kichwani. Mimi kila nipitapo lango humkumbuka mama huyo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kima walimnyang'anya mwanangu ndizi. Tufanye nini tukirudi?*

Pole, dada. Chakula kikae ndani ya mkoba uliofungwa, na msiwalishe kamwe, hata wakiwasogelea kwa upole, kwa maana kima aliyezoea kulishwa humvamia mtoto anayefuata. Akiwakaribia, usimkodolee macho. Mshike mtoto mkono, mwondoke taratibu.

*Je, mwanamke anaweza kutembea peke yake?*

Anaweza, na wengi hufanya hivyo. Zamani Karura iliogopwa sana, lakini leo imezungushiwa ua wa umeme na walinzi hupiga doria. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza ningekushauri ubaki kwenye njia zenye nambari, umwambie mtu saa utakayorudi, na uwe umetoka kabla ya malango kufungwa jioni.

*Shikamoo mwalimu. Msimu wa masika tusiende?*

Marahaba. Nendeni, ila ule udongo mwekundu huganda kwenye viatu na mwendo huwa mzito, kwa hiyo chagueni njia fupi. Chomekeni suruali ndani ya soksi, kwa kuwa siafu hukatiza vijia kwa misururu mirefu wakati wa mvua. Mkiona utepe mweusi unaotembea, urukeni kwa hatua moja pana, wala msisimame karibu nao kupiga picha.

*Naweza kuja na mbwa wangu?*

Ndiyo, maadamu umemfunga kamba muda wote. Paa akimsikia mbwa tu, hutamwona tena siku hiyo.