Namna ya Kushughulikia Viuatilifu vya Zamani Vilivyobaki Ghalani, na Sababu Vinafika hadi kwa Dubu Weupe

Mwongozo huu unamlenga mkulima wa kahawa wa Mbozi, wa viazi mviringo wa Makete na Uporoto, pamoja na viongozi wa vyama vya ushirika waliokabidhiwa maghala yaliyojengwa enzi ambazo DDT, aldrini, dieldrini na baadaye endosalfani zilitumika kama dawa za kawaida za shamba. Unahusu hasa jambo moja, yaani hatua za kuchukua pale unapokuta kopo, mfuko au pipa la dawa ya namna hiyo. Hata hivyo, hatua zenyewe zitaonekana kuwa usumbufu mtupu kwa mtu asiyejua kemikali hizi huishia wapi, kwa hiyo ni lazima tuanzie mbali.

Mwaka 1966 wanasayansi walichapisha taarifa kwamba wamekuta DDT katika miili ya pengwini na sili (wanyama wa baharini wenye mafuta mengi) wa Antaktika, bara la barafu la kusini kabisa mwa dunia ambalo halina shamba hata moja. Kemikali za kundi hili huvukiza polepole katika nchi zenye joto, hubebwa na upepo, kisha hutua zinapokutana na hewa baridi. Jua likipasha hupaa tena na kusonga mbele. Huko kwenye ncha za dunia baridi ni kali kiasi kwamba hazipai tena kwa urahisi, na kuoza kwake huchukua miaka mingi. Milima mirefu nayo huzinasa kwa njia hiyohiyo, jambo ambalo mkazi wa Kitulo, aliyezoea baridi ya mlimani, hatapata shida kulielewa. Baridi ya nyanda zetu si kinga hata kidogo dhidi ya sumu hizi.

Ubaya wake mkubwa ni kwamba haziyeyuki vizuri katika maji bali katika mafuta, na mwili wa mnyama hauna njia nyepesi ya kuzitoa. Katika bahari ya Aktiki, kwenye ncha ya kaskazini ya dunia, mimea midogo inayoelea huzinyonya kidogo sana. Wadudu wa jamii ya kamba hula mimea hiyo kwa wingi, samaki hula wadudu hao, sili hula samaki, na dubu mweupe humla sili, akipendelea hasa tabaka nene la mafuta lililo chini ya ngozi. Kila ngazi hurithi mzigo wa ngazi iliyotangulia na kuulimbikiza. Dubu jike mwenye mimba hukaa miezi kadhaa pangoni bila kula, akiishi kwa mafuta ya mwili wake, na mafuta hayo yanapotumika sumu iliyohifadhiwa humo huachiliwa katika damu na kuingia katika maziwa anayowanyonyesha watoto wake. Binadamu hakuepuka. Mwishoni mwa miaka ya 1980, daktari Éric Dewailly alipopima maziwa ya akina mama Wainuit, wenyeji wa asili wa Aktiki, wa Nunavik, kaskazini mwa Kanada, alikuta PCB, kemikali iliyokuwa katika mafuta ya transfoma za zamani, kwa kiwango cha takriban mara tano ya kile cha akina mama wa kusini mwa Quebec. Wanawake hao hawakuwa na viwanda vya kemikali. Walikuwa na chakula cha asili cha baharini. Naona hakuna mfano unaodhihirisha dhuluma ya kemikali hizi kuliko huo.

Sasa turudi ghalani. Ukikuta dawa ya zamani, soma lebo bila kuigusa na bila kuinusa. Majina ya kuangalia ni hayo niliyoyataja, pamoja na lindani, endrini, heptakloro, klorodani na toksafeni. Chombo kisicho na lebo, au ambacho lebo yake imeliwa na panya, kihesabiwe kuwa cha hatari mpaka mtaalamu aseme vinginevyo.

Yapo mambo manne ambayo watu hufanya kwa nia njema na yote yana madhara. La kwanza ni kuimalizia shambani ili isiharibike bure. La pili ni kuifukia, wakati chemchemi nyingi za Rungwe na Iringa zinategemea maji yanayopita katika udongo huohuo. La tatu ni kuimwaga katika choo cha shimo. La nne, ambalo ndilo baya kuliko yote, ni kuichoma moto. Kuteketeza kemikali hizi kwa usalama kunahitaji tanuri maalumu lenye joto linalozidi nyuzi 1,100 za Selsiasi. Moto wa kuni au wa takataka hauwezi kufikia hapo, na matokeo yake ni moshi wenye dioksini, sumu nyingine ya kundi hilihili ambayo nayo husafiri na kulimbikizwa katika mafuta.

Kinachotakiwa ni kuizuia isitoke hapo ilipo. Vaa glavu ngumu za mpira, buti, ovaroli na kinga ya pua na mdomo, na uwaondoe watoto na mifugo. Chombo kinachovuja kiwekwe wima ndani ya pipa kubwa la plastiki lenye mfuniko, juu ya chaga, mbali na mbegu, chakula na pumba za mifugo. Dawa iliyomwagika ifunikwe kwa mchanga mkavu, ikusanywe kwa koleo na kutiwa katika mfuko mzito unaofungwa. Usioshe sakafu kwa maji, kwa kuwa maji yatakwenda mtaroni na hatimaye mtoni. Funga mlango kwa kufuli na ubandike onyo linalosomeka.

Kisha andika jina la dawa, kiasi, aina ya chombo na hali yake, na umpelekee afisa ugani wa kata kwa maandishi, nakala kwa mtendaji wa kijiji, ili taarifa ifike halmashauri, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm, wa kimataifa kuhusu kemikali za sumu zinazodumu muda mrefu, mwaka 2004, na kutambua akiba za namna hii ni wajibu wa nchi, kwa hiyo huombi hisani. Majibu yakichelewa, endelea kufuatilia. Usichoke ukaamua kuichoma.

Makopo ya dawa zinazoruhusiwa leo yana utaratibu tofauti: suuza mara tatu, maji ya kusuuzia yamimine ndani ya bomba la kupulizia, kisha toboa kopo lisitumike tena. Na panapowezekana, chagua dawa zinazooza haraka. Pareto inayolimwa hapa kwetu na kusindikwa Mafinga ina viambato vinavyovunjika upesi kwenye mwanga wa jua, ingawa hata hiyo ni hatari kwa samaki na nyuki.

Mahali dawa ilipovuja, au palipowahi kuchomewa takataka za plastiki, pazungushiwe uzio kuku wasifike. Kuku wa kienyeji humeza udongo wanapodonoa, na sumu iliyomo huhamia katika kiini cha yai, ambacho kina mafuta mengi.