Kuchangisha fedha binafsi kwa ajili ya ndaki ya kilimo: kuanzia ahadi hadi risiti

Mwongozo huu ni wa kamati ya uchangishaji ya ndaki (kitengo kikubwa cha masomo ndani ya chuo kikuu) ya kilimo katika chuo kikuu cha kanda ya kati. Unahusu fedha za watu na kampuni binafsi: wahitimu, wafanyabiashara wa nafaka wa Kibaigwa, wakulima wa zabibu, wenye mashine za kukamua alizeti. Ruzuku ya Serikali na miradi ya mashirika ya kimataifa ina njia zake.

Kuomba, kamati nyingi zinajua. Fedha hupotelea kati ya siku mtu aliponyoosha mkono ukumbini na siku risiti yake ilipotoka. Ndiyo maana hatua ya 2 na ya 5 zimepewa nafasi kubwa hapa.

Hatua ya 1: Chagueni kitu kimoja na mkihesabu chote

"Kusaidia ndaki" ni maneno ambayo hayamfungui mtu mfuko. Tafuteni hitaji ambalo mkazi wa hapa analifahamu hata kabla hamjafungua mdomo. Mfano mzuri ni chumba cha kupimia sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mahindi na karanga. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mfanyabiashara wa mahindi au karanga anajua kwamba mzigo ukizidi mikrogramu 10 kwa kilo umevuka kiwango kinachoruhusiwa.

Sasa hesabuni. Kosa la kawaida ni kuomba kifaa cha kusomea majibu peke yake, kwa sababu ndicho kinachopendeza kwenye picha. Kifaa hicho bila wenzake hakipimi kitu. Orodheni vyote: kinu cha kusagia sampuli, mizani ya dijiti, kimiminika cha kukamulia sumu kutoka kwenye unga, vijiti vya kupimia, friji (vijiti vya aina nyingi hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi), na betri ya akiba kwa siku umeme unapokatika. Kinu ndicho husahaulika, na ndicho roho ya kazi yote. Sumukuvu haikai sawasawa ndani ya gunia. Inaweza kuwa kwenye punje chache tu. Mkichota kiganja kimoja mtapata jibu la kubahatisha. Inatakiwa kuchota sehemu mbalimbali za mzigo, kukusanya kilo 5 hivi, kuzisaga zote, kuchanganya vizuri, ndipo mpime gramu chache.

Ongezeni vijiti vya miaka 3 (viagizeni kwa awamu, maana vina tarehe ya mwisho), pamoja na asilimia 10 ya bei ya vifaa kila mwaka kwa matengenezo. Bila fungu hilo, chumba kitafungwa vijiti vya kwanza vikiisha, na jina la mfadhili litabaki juu ya mlango wenye kufuli.

Kama lengo ni ufadhili wa wanafunzi, amueni mapema kati ya fedha za kutumika na mfuko wa kudumu. Katika mfuko wa kudumu mtaji hauguswi. Huwekezwa, kwa mfano kwenye hatifungani za Serikali (mkopo mnaoipa Serikali nayo huwalipa riba), na sehemu ya faida ndiyo hutumika. Mkijiwekea kutumia asilimia 5 ya mtaji kwa mwaka, mwanafunzi mmoja wa shilingi milioni 2 kwa mwaka anahitaji mtaji wa milioni 40. Faida inayozidi hapo irudi kwenye mtaji, vinginevyo mfumuko wa bei utaula taratibu.

Hatua ya 2: Tengenezeni njia ya fedha kabla ya kuomba shilingi

Pateni idhini ya maandishi ya Makamu Mkuu wa Chuo kupitia kwa Rasi wa Ndaki. Kisha kaeni na mhasibu.

Kwa chuo cha umma, malipo yapitie kontroli namba ya chuo, tena yenye fungu lake. Michango ikiingia kwenye kapu moja na ada na kodi za hosteli, baada ya miezi 3 hakuna atakayeweza kusema ipi ni ya sumukuvu. Namba ya simu ya mweka hazina isitumike hata kwa siku moja, hata kama ni mtu mwaminifu kuliko wote. Mchangiaji akiona jina la mtu binafsi linatokea kwenye simu, anaahirisha. Jaribuni wenyewe: lipeni shilingi 1,000 kwa M-Pesa, 1,000 kwa Airtel Money, 1,000 kwa wakala wa benki. Angalieni jina linalotokea, muda wa kontroli namba kuisha, na siku ngapi risiti inachukua. Ikizidi siku 2, rekebisheni hapo kwanza.

Halafu kitengo cha manunuzi. Hapa ndipo kampeni nyingi hukwama, fedha zikiwa zimeshapatikana. Chuo cha umma hununua kupitia NeST, mfumo wa Serikali wa manunuzi kwa mtandao, na kitu lazima kiwe kwenye mpango wa manunuzi wa mwaka. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Mkichangisha Agosti bila kuwa mmeingiza vifaa kwenye mpango, mtaanza kuomba mpango uhuishwe huku wachangiaji wakiuliza kila wiki. Pelekeni orodha yenu mapema, wakati bajeti inaandaliwa.

Kuhusu kodi, msiahidi msilolijua. Sheria ya Kodi ya Mapato inamruhusu mfanyabiashara kuondoa kwenye mapato yake mchango kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa, kwa ukomo wa asilimia 2 ya mapato yake ya biashara. Ulizeni kwanza kama chuo chenu kina uamuzi wa Kamishna wa TRA unaokitambua hivyo. Ipo pia njia ya Mfuko wa Elimu, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kusimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania (TEA). Michango inayopitia huko ina unafuu wake wa kodi. Kwa mchangiaji mkubwa, nendeni TEA kabla hajalipa. Akishalipa kwingine, imepita.

Mwisho, andikeni ukurasa mmoja wa nini hampokei: fedha yenye sharti la mtoto kudahiliwa, fedha ya muuza viuatilifu anayetaka dawa yake ndiyo ifundishwe, na fedha ambayo mtoaji hataki kusema imetoka wapi. Baraza la Chuo liupitishe.

Hatua ya 3: Chora ngazi

Kugawa lengo kwa idadi ya wahitimu ("milioni 40, watu 800, kila mtu 50,000") hakujawahi kufaa. Wengi hawatatoa, na aliyekuwa tayari kutoa milioni 2 atatoa 50,000 kwa sababu ndiyo mliyoitaja. Kwa lengo la milioni 40, ngazi inaweza kuwa hivi:

- mtu 1 wa milioni 10
- watu 2 wa milioni 5
- watu 5 wa milioni 2
- watu 10 wa 500,000
- watu 50 wa 100,000

Kwa kila nafasi ya ngazi 3 za juu, muwe na majina 3 au 4 ya watu mnaowafahamu kweli. Mkikosa majina ya juu, punguzeni lengo. Msiongeze watu wa 100,000 kwenye karatasi.

Hatua ya 4: Ombeni kwa mpangilio na kwa msimu

Anzeni kwa wajumbe wa kamati wenyewe, kisha wa juu kwenye ngazi, kimya kimya. Msitangaze hadharani mpaka nusu ya lengo iwe imeingia benki.

Msimu una neno lake. Desemba hadi Februari mkulima ameweka fedha yake yote shambani, na Januari kila mzazi ana ada. Mwenye zabibu huvuna mara 2 kwa mwaka, karibu na Machi na karibu na Agosti. Mfuateni baada ya kulipwa, si wakati anaponyunyizia dawa. Wa alizeti na nafaka wana fedha baada ya mavuno, kuanzia Mei au Juni. Maonyesho ya wakulima ya Nanenane pale Nzuguni, Dodoma, ni mahali pa kuonyesha kazi na kuchukua namba za simu. Kelele za maonyesho si mahali pa kumwomba mtu milioni 5.

Mchangiaji mkubwa anafuatwa nyumbani au ofisini kwake, na watu wasiozidi 3, mmoja awe mwanafunzi. Maneno yawe mafupi:

"Shikamoo mzee. Tunashukuru kwa kutupokea. Chumba cha kupimia sumukuvu kinahitaji milioni 40, na sisi wanakamati tumeshaanza kutoa. Tumekuja kukuomba milioni 5, ambazo ni kinu cha kusagia sampuli na mizani yake. Mchanganuo ni huu hapa."

Baada ya hapo nyamazeni. Kimya kitakuwa kizito, na mmoja wenu atatamani kusema "au chochote ulichojaliwa". Asiseme. Neno hilo hugeuza milioni 5 kuwa 200,000 papo hapo.

Hatua ya 5: Daftari la ahadi

Ahadi ni deni, lakini deni lisiloandikwa hakuna anayelikumbuka. Kila ahadi ijazwe fomu siku ileile: jina, simu, kiasi, tarehe ya kulipa, awamu ngapi, kwa kifaa gani, na sahihi. Kwenye daftari, mstari mmoja usomeke hivi: "Ahadi 2,000,000, awamu 2, 30 Juni na 30 Septemba, imeingia 1,000,000 tarehe 28 Juni, risiti imetumwa 29 Juni, baki 1,000,000, anayefuatilia: katibu." Safu ya anayefuatilia ndiyo inayoleta fedha. Ikiwa tupu, kila mmoja anadhani mwenzake amepiga simu.

Tumeni shukrani ndani ya siku 3, kumbusho siku 10 kabla ya tarehe, na simu siku 7 baada ya tarehe kupita. Aliyekwama mpeni tarehe mpya bila kumwaibisha. Msimtaje kwenye kundi la WhatsApp. Kubandika majina na viwango kundini kama mchango wa harusi kunaudhi watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka ridhaa ya mwenye taarifa. Wekeni sanduku dogo la ridhaa kwenye fomu.

Msiagize kitu kwa kutegemea ahadi. Kinachohesabika ni kilichoingia.

Hatua ya 6: Anayetaka kutoa vitu

Trekta chakavu, kompyuta kuukuu, mbegu za msimu uliopita: kabla ya kushukuru, ulizeni vipuri vinapatikana wapi, nani atalipa usafiri, na kama mbegu bado zinaota (pandeni 100 kwenye kitambaa chenye unyevu mkahesabu). Kongwa imeona hili. Mwaka 1947 Waingereza walileta mitambo kulima karanga kabla ya kuujua udongo na mvua ya hapa, na kufikia 1951 mpango ulikuwa umeachwa. Kukataa kwa heshima ni sehemu ya kazi hii.

Hatua ya 7: Taarifa

Siku 90 baada ya fedha kuingia, kila mchangiaji apate ukurasa mmoja: kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki, picha ya kifaa kikiwa kinatumika na namba yake ya mali ya chuo. Wakubwa wapelekewe kwa mkono. Vifaa vikiwa bado kwenye manunuzi, andikeni hivyo na hatua iliyofikiwa. Ukimya ndio huzua maneno.

Kukiwa na salio, tuseme friji imepatikana kwa bei ya chini, msilihamishie kwenye shughuli nyingine hata iwe njema. Mwandikieni aliyetoa: "Zimebaki 340,000. Tunaomba ruhusa yako zinunue vijiti vya mwaka ujao." Subirini jibu lake la maandishi, liwekeni kwenye jalada, ndipo mnunue.