Namna ya kudai pesa za kazi uliyokwisha kumkabidhi mteja mjini Lubumbashi

Mpiga picha, mtafsiri, mchoraji wa matangazo au fundi wa tovuti anayejitegemea mjini Lubumbashi mara nyingi hapewi kazi na mgodi wenyewe. Kazi humfikia kupitia kampuni ndogo, iliyoipata kwa kampuni nyingine, ambayo nayo ina mkataba na mgodi wa Kolwezi, Likasi au Kipushi. Ndiyo maana anapouliza pesa zake hujibiwa, "Hata sisi bado hatujalipwa." Jibu hilo huenda likawa la kweli kabisa, lakini haliondoi deni. Mkataba wako ni kati yako na yule aliyekuagiza kazi, na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo ingali msingi wa sheria ya madeni nchini Kongo, inasema kwamba makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliokubaliana. Ikiwa hukukubali tangu mwanzo kwamba utalipwa baada ya mgodi kulipa, basi kusubiri kwako ni hisani tu, wala mteja hawezi kukudai hisani hiyo.

Katika kudai, lenga jambo moja tangu siku ya kwanza: mteja aandike mwenyewe kiasi anachodaiwa na tarehe atakayolipa. Wengi wetu tunapoteza pesa zetu ilhali haki iko upande wetu, kwa sababu tumekusanya ahadi za simu, salamu nzuri na sauti za WhatsApp, na hakuna hata karatasi moja ambayo hakimu anaweza kuishika mkononi.

Anza kwa kukusanya vielelezo: agizo la kazi (bon de commande) kama lilitolewa, ujumbe wa kuelewana kuhusu bei, baruapepe iliyopeleka kazi, na ujumbe wowote ambao mteja alishukuru au aliomba marekebisho. Ukosefu wa mkataba uliotiwa sahihi usikukatishe tamaa, kwani katika mambo ya biashara deni linaweza kuthibitishwa kwa njia mbalimbali. Hifadhi mazungumzo yote mahali pengine nje ya simu, kwa maana simu huibwa na huharibika.

Kisha tazama upya ankara yako, yaani facture. Jina la mteja liwe lile lililosajiliwa katika RCCM, yaani daftari rasmi la usajili wa biashara, pamoja na anwani ya ofisi yake kuu, wala si jina la bwana aliyekupigia simu, kwa sababu ukifika mahakamani ombi lisilomtaja mdaiwa kikamilifu hukataliwa kabla hata deni halijachunguzwa. Andika pia aina ya pesa. Kama mlielewana kwa dola za Marekani, ankara iseme dola, na iongeze kwamba anayelipa kwa faranga za Kongo atatumia kiwango cha siku ya malipo. Bila hivyo, miezi ya kusubiri inaweza kupunguza thamani ya pesa zako mwenyewe ukiangalia.

Mteja akikupigia simu au akikutumia sauti, mjibu kwa maandishi siku hiyo hiyo, kwa heshima, kwa namna hii:

"Jambo Papa Directeur. Asante kwa mazungumzo yetu ya leo asubuhi. Mmeniambia kwamba zile dola 450 za facture nambari 12, kwa kazi ya katalogi niliyowakabidhi tarehe 3 Machi, zitalipwa kabla ya tarehe 30 Aprili. Naomba mnithibitishie kama nimeelewa vizuri."

Ujumbe huo haumtukani wala haumtishi mtu, tena unamwachia mzee heshima yake. Lakini akijibu "ndiyo" tu, amekiri kazi, kiasi na tarehe kwa pamoja. Akipinga kiasi, ni afadhali ulijue pingamizi hilo sasa kuliko kulisikia kwa mara ya kwanza mbele ya hakimu.

Ankara yenyewe usiitume kwa simu peke yake. Chapisha nakala mbili, uzipeleke mwenyewe ofisini, uache moja kwenye sekretarieti, na ile ya pili irudi nawe ikiwa na mhuri, tarehe, jina na sahihi ya aliyeipokea. Usimwachie mlinzi wa getini bahasha, hata akikuambia kwamba ndiyo desturi ya hapo, kwa sababu bahasha ya getini haina shahidi. Wakisema mwenye mhuri hayupo, uliza atarudi saa ngapi, kisha urudi. Nakala yenye mhuri ndiyo inayomzuia mhasibu kusema baadaye kwamba hakuna ankara yoyote iliyowahi kumfikia, na katika kampuni nyingi hapo ndipo deni linapoingia kwenye vitabu vya hesabu.

Mteja ambaye kweli hana pesa zote, mpe nafasi ya kulipa kidogo kidogo, lakini kwa hati ya kukiri deni iliyotiwa sahihi, inayotaja jumla ya deni, kila sehemu na tarehe yake, na kwamba sehemu moja ikikosekana deni lote litadaiwa mara moja. Anapolipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, mwandikie papo hapo ni ankara ipi imepunguzwa na kiasi gani kimebaki. Anapolipa dola mkononi, kagua kila noti kabla ya kuandika risiti, maana noti yenye mchaniko mdogo hukataliwa madukani, na hasara itakuwa yako.

Tarehe ikipita bila malipo, andika barua ya onyo, ile inayoitwa mise en demeure. Iandike kwa Kifaransa, lugha ya mahakama zetu, hata kama mnazungumza Kiswahili siku zote. Taja ankara, kiasi, vielelezo vyote na muda wa mwisho. Siku nane zinatosha. Ipeleke kwa utaratibu ule ule wa mhuri, au kupitia huissier, yaani ofisa anayefikisha hati rasmi, ikiwa ofisi inakataa kupokea. Wapo wateja wanaolipa hapo, kwa kuwa wanaona faili lako limekamilika.

Asipolipa, ipo njia ya injonction de payer, yaani amri ya hakimu ya kulipa, iliyowekwa na sheria ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara, ambayo Kongo iliingia mwaka 2012. Sheria hiyo ilirekebishwa mjini Kinshasa tarehe 17 Oktoba 2023, na maandishi mapya yalianza kutumika tarehe 16 Februari 2024. Ikiwa mdaiwa ni kampuni, ombi hupelekwa kwa rais wa Tribunal de commerce (mahakama ya biashara) ya mahali ilipo kampuni hiyo. Deni liwe la hakika, lenye kiasi kinachojulikana na ambalo muda wake umefika. Hapa ndipo maandishi yote uliyokusanya yanapofanya kazi yake. Rais husoma faili bila kumwita mdaiwa, na akiridhika hutoa amri ya kulipa, ambayo mdaiwa hufikishiwa rasmi. Mdaiwa anaweza kuipinga katika muda mfupi unaotajwa katika hati aliyoletewa, na akipinga, mahakama hujaribu kwanza kuwapatanisha.

Usikimbilie polisi wala parquet (ofisi ya waendesha mashtaka) ili mteja akamatwe, ingawa wapo watakaokushauri hivyo. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1976, unakataza katika kifungu cha 11 kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Anayefungua njia hiyo hulipa hapa na pale, na mara nyingi deni hubaki pale pale. Vivyo hivyo usimtangaze kwenye Facebook, kwani kosa la imputations dommageables, yaani kumchafulia mtu jina, katika sheria ya jinai linaweza kukugeuza mshtakiwa wakati ulikuwa mdai.

Muda nao unahesabiwa. Chini ya sheria ya OHADA, madeni ya kibiashara hupotea baada ya miaka 5, isipokuwa pale sheria inapoweka muda mfupi zaidi, lakini mdaiwa akikiri deni hesabu huanza upya, hiyo ni sababu nyingine ya kuthamini ule ujumbe wa "ndiyo." Na kabla ya kumlipa wakili, chunguza kama mteja ana akaunti ya benki inayofanya kazi, magari au mitambo kwa jina la kampuni, maana amri ya hakimu hutekelezwa kwa kukamata mali. Kampuni iliyofunga ofisi na kubaki na jina tu haina cha kukamatwa; kwa deni la namna hiyo, hata malipo madogo ya kuelewana yapokee leo.