Hesabu mita kwanza, paneli baadaye

Nashona nguo barazani kwangu Pasua, Moshi, na mota ya cherehani yangu inaendeshwa na sola. Wateja wanaosubiri kupimwa huniuliza wanunue paneli ya wati ngapi. Huwa nawaambia warudi nyumbani wakaiangalie mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, kwanza, maana jibu liko pale.

Tazama ile taa ndogo nyekundu inayopepesa. Kwenye mita yangu pameandikwa 1000 imp/kWh, maana yake ikipepesa mara 1,000 uniti moja imekwisha. Soma yako, nyingine zimeandikwa 1600 au 3200. Zima kila kitu, washa kifaa kimoja, kisha hesabu kwa saa ya simu. Kwa mita kama yangu, taa ikipepesa kila baada ya sekunde 36, kifaa hicho kinakula wati 100. Chomeka pasi ya wati 1,000 uone: hazipiti hata sekunde 4.

Pasi, hita ya maji ya kuoga, birika na jiko la umeme usivipeleke kwenye sola. Vitakudai inveta kubwa (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) na betri kubwa, na hela hiyo hairudi leo wala kesho. Mimi nguo za wateja nazinyoosha kwa pasi ya mkaa.

Vilivyobaki viandike kwenye daftari, wati mara saa. Siku yangu iko hivi: mota ya cherehani, 100 kwa saa 4, ni 400. Taa 4 za LED za wati 7 kwa saa 5, ni 140. Televisheni, 45 kwa saa 4, ni 180. Simu za nyumba nzima kama 40. Jumla 760. Paneli ya wati 300 ikipata jua zuri kwa saa 4 na nusu, ukatoa theluthi inayopotelea kwenye vumbi, joto, waya na inveta, inakupa kama 900. Inatosha.

Sasa angalia: zaidi ya nusu ya umeme wangu unatumika mchana. Akiba iko hapo jamani! Betri ni ghali, na ndiyo inayochakaa mapema kuliko vyote. Umeme unaoutumia jua likiwa juu hauichoshi. Chaji simu mchana, pandisha maji kwa pampu mchana, kama unanyoa watu basi nyoa mchana. Usiku mimi nahitaji 360 tu, hata simu zikiwemo. Betri ya risasi ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, hubeba 12 mara 100, yaani 1,200, lakini ukiwa unaishusha chini ya nusu unaiua, kwa hiyo hesabu 600. Ukiwa na uwezo nunua ya lithiamu, hiyo unaweza kuitumia hadi asilimia 80 na inadumu zaidi.

Dukani nenda na futi kamba. Mita moja ya mraba kwenye jua kali hupokea kama wati 1,000, na paneli nzuri hugeuza kama moja ya tano kuwa umeme. Basi paneli ya wati 300 lazima ikaribie mita 1.5 za mraba. Ukionyeshwa ya mita 1 kwa sentimita 70 imebandikwa 300W, rudisha hela yako mfukoni.

Kwenye kufunga, sisi tuko kusini kidogo ya ikweta, kwa hiyo paneli iangalie kaskazini: Moshi mjini ielekee Kibo, kilele cha Kilimanjaro, Arusha mjini ielekee mlima Meru. Mwinamo wa digrii 10 hadi 15 unatosha, mvua ipate kuteremsha vumbi. Mgomba ukitupa kivuli kwenye kona moja tu, paneli nzima inalegea. Waya uwe mnene na mfupi, na mdai fundi fyuzi karibu na betri. Kuosha ni asubuhi, kioo kikiwa bado baridi.

Je, inaokoa kiasi gani? Uniti moja ni 1,000 za wati mara saa, basi hiyo 760 kwa siku ni kama uniti 23 kwa mwezi. Kwa sisi wa T1, kundi la bei ya kawaida, uniti moja na kodi zake ni kama shilingi 356, kwa hiyo ni 8,000 na kidogo. Usikope kwa ajili ya hiyo, nunua taratibu. Wa D1, kundi la wanaotumia umeme kidogo nyumbani, mwangalie zaidi: uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi mpaka ya 75, zinazozidi ni 350. Mama mkwe wangu kule Kibosho friji ilikuwa inamvusha hiyo 75. Tumemhamishia taa, televisheni na chaji kwenye paneli ndogo, friji ikabaki LUKU, na sasa mwezi unaisha hajafika 75.

Julai mawingu yakishuka mlimani, paneli inaweza kutoa nusu tu. Usinunue ya pili kwa sababu ya baridi hiyo. Rudisha televisheni na taa LUKU, betri ibaki na chaji, mpaka jua lirudi.