Jinsi ya Kupiga Picha Maisha ya Kila Siku ya Watoto Wako

Mradi wa picha za familia hudumu unapofuata mambo yanayojirudia nyumbani, wala si sherehe pekee. Chagua machache: kunywa uji, kuoga kwenye karai, kufunga kamba za viatu kabla ya kwenda shule.

Ukiwa Kisumu, nchini Kenya, uko karibu sana na ikweta, hivyo jua la adhuhuri husimama utosini na kuyatia macho ya mtoto kivuli kizito. Piga picha kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, na ikibidi mchana, mwite barazani au karibu na mlango ulio wazi, ambapo mwanga huingia kwa ubavu. Zima flashi. Chuchumaa hadi kamera ilingane na macho yake, kisha subiri bila kumwagiza atabasamu, kwa maana tabasamu la kuagizwa, kwa maoni yangu, huharibu picha kuliko hata lenzi chafu. Anapochambua omena, yaani dagaa wa ziwani, pamoja na nyanya yake, vidole viking'aa magamba, piga mikono tu.

Picha za kuoga zisitumwe popote, hata kwenye kundi la ukoo, na mtoto akikataa kupigwa, mwache.

Kila mwisho wa mwezi futa zinazofanana, andika tarehe na mahali, kisha hifadhi nakala za awali kwenye diski ya nje, kwani WhatsApp hupunguza ubora wa picha zinazotumwa kwa njia ya kawaida. Chache zichapishwe kwa sentimita 10 kwa 15, maana simu huibwa.